Taa ya dashibodi inayowaka na kuzima kwenye gari la dizeli: namna ya kuisaka hitilafu hapa Mombasa

Taa ikiwaka ikabaki imewaka, kazi huwa nyepesi. Hitilafu ipo, fundi anapima na kuiona. Kazi ngumu ni ile taa inayowaka ukiwa kwenye foleni ya feri Likoni, na ukifika gereji imeshazima. Fundi anawasha injini, anasikiliza, anakanyaga mafuta kidogo, anakwambia gari lako zima kabisa. Kesho yake uko Kibarani nyuma ya trela na taa imerudi. Hapo ndipo wengi huanza kununua spea kwa kubahatisha: leo sensa, kesho injekta, wiki ijayo watu washaanza kuitaja kompyuta, na taa ingali yaja na kwenda.

Mimi nashikilia jambo moja, na hatua zote hapa chini zimesimama juu yake. Taa ya kuja na kwenda hukamatwa kwa kumbukumbu ya hali iliyokuwepo ilipowaka. Na kwa sisi wa mji huu, msako uanze kwenye umeme, chumvi na maji kabla ya kugusa chochote cha bei. Injekta huharibika, sikatai. Lakini injekta iliyokufa haiponi yenyewe ukishavuka daraja la Nyali. Soketi iliyolegea hupona, ikaugua tena.

Kwanza ujue ipi ni ya kusimama

Rangi ndiyo ya kuangalia mwanzo. Nyekundu, tafuta pa kusimama sasa. Ya manjano, endesha kwa utaratibu na uishughulikie upesi. Nyekundu hata ikiwaka sekunde mbili tu ikazima, ihesabu kuwa imewaka.

Taa ya oili ikipepesa ukikata kona au ukifunga breki, mara nyingi oili imepungua: inalala upande mmoja na pampu inavuta hewa. Egesha pahali pa usawa, zima, ngoja dakika kama kumi, vuta kijiti. Kiwango kikiwa sawa, na taa inapepesa injini ikiwa ya moto na imetulia bila kukanyagwa mafuta, usikubali kuambiwa "ni sensa tu" mpaka presha ipimwe kwa geji iliyofungwa pale pa sensa. Sensa mbovu ni jambo la kawaida na bei yake ndogo. Lakini ukikisia vibaya hapa, utakachonunua ni injini.

Taa ya joto: zima AC, egesha, na usifungue kifuniko cha radieta kikiwa cha moto. Taa ya breki: angalia hendibreki, halafu kikopo cha mafuta ya breki. Mafuta yakishuka, boya la ndani huchezacheza kwenye kona na taa hupepesa nalo. Usijaze tu ukaondoka, kwani yamepungua kwa sababu: ama pedi zimelika, ama panavuja. Taa ya betri inakupa muda kidogo, ila gari la dizeli la kisasa linategemea umeme kuendesha injekta na pampu, na betri ikiisha litazimika popote lilipo. Usilipeleke Malindi hivyo.

Jaribio la swichi

Washa swichi bila kupiga starta. Taa ya oili, ya betri, ya injini, ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama ukifunga breki) na ile yenye alama ya koili (ya hita zinazopasha injini ya dizeli kabla ya kuwaka) lazima ziwake, kisha injini ikishanguruma zizime moja moja. Isiyowaka hapo imekufa, au kuna mtu ameiua makusudi. Ukienda kutazama gari la kununua, fanya hivi kabla hamjaanza kuzungumza bei. Taa ya injini iliyofichwa si habari njema hata gari liwe limeng'arishwa vipi.

Daftari kwenye gari

Weka kidaftari na kalamu kwenye droo ya dashibodi. Kila taa inapowaka, ukishasimama, andika: taa gani, imetulia au inapepesa, mwendo wako, injini baridi au ya moto, mlima au tambarare, mvua au jua, AC imewashwa au la, tangi limebaki kiasi gani, na kama umetoka kujaza mafuta au kuosha gari. Ukiwa na abiria, yeye ndiye apige video ya dashibodi kwa simu, sindano ya mzunguko wa injini ikionekana. Dereva asiguse simu.

Kurasa chache za namna hii zina thamani kuliko saa nzima ya kulisikiliza gari likiwa limesimama. Taa inayowaka ukipanda Mazeras umebeba mzigo na kuzima ukirudi tambarare inakwambia uangalie mafuta au tabo, ile inayosukuma hewa ndani ya injini, maana hapo ndipo injini inapodai vyote viwili kwa wingi. Inayowaka alfajiri au baada ya mvua na kupotea jua likipanda, unyevu umeingia mahali. Inayowaka kwenye foleni AC ikiwa imewashwa, tazama upande wa kuchaji. Inayowaka kwenye mashimo, waya umelegea. Inayowaka tangi likiwa chini ya robo pekee, pampu inavuta takataka au hewa kutoka sakafu ya tangi.

Namba zisomwe kabla hazijafutwa

Kompyuta ya gari huhifadhi namba ya kila hitilafu iliyoiona, na pamoja nayo huhifadhi picha ya hali: mwendo, mzunguko wa injini, joto la maji, mzigo. Fundi akibonyeza kufuta, picha hiyo inakwenda pamoja na namba. Basi ongea mapema, kwa adabu, lakini ongea:

"Fundi, kabla hujafuta nisomee namba zote nizipige picha."

"Wasiwasi wa nini, mama? Tukifuta, kama lipo litarudi."

"Litarudi siku yoyote, baba. Hii ya leo nataka niende nayo."

Tena usidanganyike kwamba taa ikizima kumbukumbu nayo imefutika. Kwa utaratibu wa OBD2, yaani kanuni ya pamoja ya kompyuta za magari, taa ya injini hujizima zikipita safari tatu mfululizo bila hitilafu kuonekana, lakini namba hubaki ndani mpaka injini ipate moto mara 40 bila tatizo kurudi. Ndiyo maana gari lenye taa iliyozima jana bado lina la kusema leo, mradi hakuna aliyefuta. Vilevile mwambie asome namba zinazosubiri, yaani zile ambazo kompyuta imeziona mara moja na bado haijaamua kuwasha taa. Kwa hitilafu ya kuja na kwenda, hizo ndizo za maana zaidi.

Unaweza kusoma mwenyewe. Kifaa kidogo cha Bluetooth cha aina ya ELM327 huchomekwa kwenye soketi iliyo chini ya usukani, na programu ya simu inaonyesha namba. Magari mengi ya soko la Japani yaliyoundwa kabla ya 2008 hayazungumzi na vifaa hivi vya bei rahisi. Hayo yahitaji mashine ya fundi. Kwa Toyota za zamani, fundi anayejua huunganisha pini ya 13 na ya 4 za soketi hiyo, taa zikahesabu namba kwa kupepesa. Hilo mwachie yeye, maana pini ya 16 hapo hapo ina umeme wa betri wakati wote.

Namba haisemi "badilisha kitu fulani". Inasema kompyuta imeona nini. P0087 ni presha ya mafuta kuwa ndogo kwenye reli, ile paipu inayogawa mafuta kwa injekta: inaweza kuwa filta, hewa kwenye mipira, pampu, au injekta inayorudisha mafuta kupita kiasi. P0299 ni tabo kutotoa hewa ya kutosha, na mara nyingi mkosaji ni mpira uliopasuka. P0401 ni EGR, vali inayorudisha moshi kidogo kwenye injini, kutopitisha vya kutosha, mara nyingi kwa kujaa masizi. P0562 ni volti ndogo. U0100 ni kompyuta nyingine kukosa mawasiliano na ya injini, na hiyo ikija na kwenda, fikiria nyaya na ethi (waya hasi wa betri) kabla hujaruhusu mtu yeyote kutamka neno "kompyuta mpya".

Betri, alteneta na ethi

Taa nyingi zikiwaka kwa mpigo, ABS, injini, usukani, betri, usianze kuzifuata moja moja. Umeme umeyumba na kila kompyuta inalia kwa zamu yake.

Nunua multimita ya kawaida, iweke kwenye volti 20 za DC. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.0, haina chaji ya maana. Mtu apige starta huku unatazama: ikianguka chini ya 9.6, betri imechoka au vichwa vyake havishiki. Injini ikinguruma itegemewe kati ya 13.8 na 14.5, na magari mapya yenye alteneta inayoamriwa na kompyuta huweza kupanda na kushuka zaidi ya hapo. Washa taa kubwa na AC uone kama inashikilia.

Kisha ethi, ile waya nyeusi nene inayotoka kichwa hasi cha betri kwenda kwenye bodi na kwenye injini. Hapa ndipo ningeomba kila mwenye gari Mombasa atumie nusu saa. Weka ncha moja ya multimita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, injini ikinguruma na taa zimewashwa. Isizidi volti 0.2. Hamisha ncha ya pili kwenye bodi, pima tena. Wakati wa starta isizidi nusu volti. Ikizidi, fungua bolti ya ethi upande wa bodi. Utakuta kijiso cha waya kimekaa juu ya rangi na kutu, na katikati yake kuna unga wa kijani. Toa betri kwanza, piga msasa mpaka chuma king'are pande zote mbili, funga kwa nguvu, halafu pakaa grisi juu baada ya kufunga ili hewa ya bahari isiingie. Kazi hii haina gharama ya kutaja, na nimeiona ikizima taa ambazo watu walikuwa tayari wamechanga pesa za ABS.

Dizeli ina fumbo lake kwenye alteneta. Gari la dizeli halina uvutaji wa hewa wa kutosha kwa ajili ya breki, kwa hiyo linabeba pampu ya vakyumu, na kwenye Isuzu nyingi na Toyota zenye injini ya 3L na 5L pampu hiyo iko mgongoni mwa alteneta, ikilainishwa na oili ya injini. Sili yake ikichoka, oili inapenya ndani na kulowesha brashi. Taa ya betri inaanza kuwaka hafifu, inazima ukikanyaga mafuta, inarudi kwenye foleni. Ukibadilisha brashi peke yake zitaloa tena. Papasa chini ya alteneta: vidole vikitoka vyeusi vya oili, badilisha sili pamoja na brashi, na ukague breki siku hiyo hiyo, kwani pampu ndiyo hiyo hiyo.

Chumvi, maji ya kisima na soketi

Hewa ya hapa hula shaba. Gari linalolala Nyali, Bamburi au Shelly karibu na ufuo hupata upepo wa chumvi usiku kucha, na mwezi wa masika maji ya barabarani hurushwa mpaka kwenye nyaya za magurudumu. Lakini adui ambaye watu hawamfikirii ni pale pa kuoshea gari. Vijana huinua boneti, wanapiga injini maji kwa presha, na maji yenyewe aghalabu ni ya kisima, yana chumvi. Yakikauka, chumvi inabaki ndani ya soketi. Usiku unyevu ukija, inavuta maji upya. Wiki moja baadaye taa imewaka na hakuna anayekumbuka siku ya kuosha.

Waambie wasipige injini kwa presha. Kitambaa chenye unyevunyevu na brashi vinatosha. Chini ya gari, kinyume chake, ni vyema pasafishwe kwa maji matamu mara kwa mara, hasa ukishapita penye mafuriko.

Kuzisaka soketi zenye shida: injini ikinguruma, fungua programu kwenye simu iwe inaonyesha data ya sensa unayoishuku, kisha shika nyaya na utikise taratibu, soketi moja baada ya nyingine, mikono na nguo mbali na feni na mikanda. Mchoro ukiruka au injini ikishtuka, umefika. Zima, toa kichwa hasi cha betri, vua soketi utazame kwa tochi. Pini nzima inang'aa kama fedha au dhahabu. Yenye shida imepauka, au ina ukungu wa kijani, au ncha yake imeungua nyeusi. Bana waya kwa vidole pale unapoingia kwenye soketi: waya mzima hupinda kwa ulaini, ulioliwa ndani huwa mkavu na umevimba kidogo chini ya ngozi yake, na ukiuvuta shaba inakatika mkononi. Nyunyizia dawa ya kusafisha viunganishi, acha ikauke kabisa, rudisha mpaka usikie inabana. Kipande kilicholika kikatwe, waya mpya uunganishwe kwa risasi ya kulehemu au kwa kibano kizuri, na juu yake mrija wa plastiki unaosinyaa kwa moto. Utepe mweusi peke yake hauwezi hewa ya pwani. Joto linailainisha gundi yake na baada ya miezi michache waya uko wazi.

Panya pia. Gari likikaa limeegeshwa wiki kadhaa karibu na jalala au ghala, funua juu ya injini uone kama kuna nyaya zilizotafunwa.

Na fuateni nyaya za kuongezwa. Alamu, traka ya bima au ya mkopo, redio, kamera ya nyuma, na kwa matatu ile gavana ya kufunga mwendo kwenye kilomita 80 kwa saa: kila mmoja aliyefunga alikata waya wa kiwandani mahali fulani. Wengine hufunga vizuri. Wengine huvua ngozi ya waya, wakasokota, wakazungushia utepe, wakaondoka. Gavana hasa hugusa nyaya za sensa ya mwendo au za pedali ya mafuta, na hapo ndipo taa ya injini hutokea ikifuatana na gari kukosa nguvu ghafla, halafu ukizima na kuwasha liko sawa. Kabla ya kununua pedali mpya, fundi wa umeme aifuate kila waya isiyo ya kiwandani mpaka mwisho wake. Gavana ya matatu isitolewe wala kurukwa, ni ya kisheria. Iunganishwe upya ipasavyo.

Dizeli yenyewe

Hilux, D-Max, Hiace na nyingi nyinginezo zina taa ya maji kwenye filta. Mara nyingi hupepesa kwenye kona au baada ya kujaza mafuta, kwa kuwa maji yanayumba chini ya kikombe na kugusa sensa. Usiisubiri itulie. Maji yakipita filta yanaingia kwenye pampu na injekta ambazo hulainishwa na dizeli yenyewe.

Kuyatoa ni rahisi. Zima injini, weka chupa safi ya plastiki ya kuonyesha chini ya filta, legeza skrubu ya chini kidogo tu, kisha bonyeza ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Kwanza yatatoka maji, au maji na mafuta yakiwa yamejitenga. Endelea mpaka itoke dizeli tupu. Kaza skrubu, bonyeza pampu mpaka iwe ngumu mkononi, washa. Chupa iache isimame usitazame haraka. Ikijitenga, maji huwa chini. Taa ikirudi baada ya kujaza tena kituo kile kile, badilisha kituo, tunza risiti na chupa, na ujue kwamba EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na petroli, hupokea malalamiko ya mafuta machafu. Uchanganyaji wa mafuta ya taa kwenye dizeli ulikuwa mkubwa kiasi cha serikali kuweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuukatisha tamaa, na dizeli iliyochanganywa hivyo haina ulaini wa kutosha kuilinda pampu.

Taa ya injini ikiwaka mlimani kwa P0087, fuata mpangilio huu: filta ya dizeli mpya, halafu mipira ya kuvuta mafuta kutoka tangini. Fundi aunganishe kipande cha mpira wa kuonyesha kabla ya pampu. Vikipita vipovupovu, hewa inaingia, na kibano cha mpira au sili ya filta ndiyo yenye kosa. Hapo bado hujatumia pesa nyingi. Kwa Toyota za D-4D zenye injini ya 1KD na 2KD, kinachofuata ni vali ya kudhibiti mafuta kwenye pampu, ambayo mafundi huiita SCV. Ikianza kukwama, injini hupanda na kushuka ikiwa imetulia, huzimika ghafla, ukiwasha tena inakubali kana kwamba hakukuwa na lolote. Injekta zije baada ya hayo, tena kwa kupimwa mafuta yanayorudi, siyo kwa kukisia.

Na tahadhari ya kweli: usilegeze paipu ya chuma ya presha kubwa injini ikinguruma, na usitafute uvujaji kwa mkono. Presha kwenye reli huvuka baa 1,500 injini ikibeba mzigo. Mchirizi usiouona unapenya ngozi, na jeraha hilo ni la hospitali papo hapo hata kama halitoi damu.

Upande wa hewa ni mfupi. Nguvu ikipungua mlimani na moshi mweusi ukitoka nyuma, sikiliza kama kuna mluzi, halafu kagua mipira mikubwa ya tabo. Penye ufa utaona oili na masizi yametapakaa upande wa nje. Wakati mwingine ufa hufunguka kwa presha tu, kwa hiyo ubane mpira kwa mkono uone kama unapanuka.

DPF na foleni zetu

Magari mapya ya dizeli, Mazda CX-5 ya lita 2.2 ikiwa miongoni mwa yanayopendwa, yana kichujio cha masizi kwenye ekzosi, ndicho DPF. Kinajisafisha kwa kuyachoma masizi kwa joto kali, na kwa hilo kinahitaji injini iliyopata moto na mwendo usiokatizwa. Maisha ya Mombasa, Likoni hadi mjini, mjini hadi Kongowea, zima injini kwenye feri, washa tena, hayakipi nafasi. Kinaanza kuchoma, unazima, taa inawaka. Ukienda safari inazima. Hiyo nayo ni taa ya kuja na kwenda, ila sababu yake ni safari zako.

Ikiwaka ya manjano na imetulia, chukua gari injini ikiwa na moto, ingia barabara ya Dongo Kundu au pita Mtwapa kuelekea Kilifi, uende mwendo wa kawaida bila kusimama kwa dakika 20 au zaidi. Ukiona feni inazunguka kwa nguvu, injini iko juu kidogo kuliko kawaida na kuna harufu ya moto, inachoma; usiizime, na usiegeshe juu ya nyasi kavu. Ikianza kupepesa, au ikiambatana na taa ya injini na gari kupoteza nguvu, safari za kuchoma zimeshapita wakati wake, mpelekee fundi mwenye mashine.

Mambo mawili huua kichujio hiki hapa kwetu. Moja ni kung'oa thamostati "kwa sababu ya joto la Mombasa". Injini haifiki joto linalotakiwa na kompyuta haikubali kuanza kuchoma. Irudishe. La pili ni oili ya bei rahisi isiyokuwa ya DPF: tafuta chupa iliyoandikwa ACEA C3 au JASO DL-1, kama kitabu cha gari kinavyosema, kwa kuwa majivu ya oili ya kawaida hujaa kwenye kichujio na hayachomeki kabisa. Na vuta kijiti mara kwa mara. Kuchoma kukikatizwa, dizeli hushukia kwenye oili na kiwango hupanda badala ya kushuka. Mazda za Skyactiv-D zina alama ya X juu ya alama ya kujaa. Oili ikifika hapo, ibadilishwe bila kungoja kilomita.

Taa zinazowapoteza watu

Kwenye Prado na Toyota kadhaa, hitilafu yoyote ya injini huwasha pia taa ya VSC (usaidizi wa kuzuia gari kuteleza) na wakati mwingine ya 4WD, kwa sababu kompyuta inazima usaidizi huo kwa usalama. Tengeneza injini, hizo zitaondoka zenyewe. ABS ikiwaka peke yake ukianza mwendo, mara nyingi ni sensa ya gurudumu moja: tope, kutu chini ya sensa, au waya uliochubuka pale unapopinda usukani. Taa ya koili ikipepesa ukiwa mwendoni kwenye Volkswagen za TDI, anza na swichi ya taa za breki kabla ya kulaumu hita. Taa ya T-BELT, ya mkanda wa taimingi, kwenye Prado na Hilux huhesabu kilomita tu, haiupimi mkanda, kwa hiyo usiifute bila kujua mkanda ulibadilishwa lini.

Ukishatengeneza

Badilisheni kitu kimoja kwa wakati, na spea ya zamani uichukue. Mlipe fundi kwa muda wake wa kutafuta hata kama dawa ilikuwa bolti moja ya ethi. Asipolipwa kwa kutafuta, atalazimika kupata riziki yake kwa kuuza spea. Namba zifutwe sasa, picha zake zikiwa tayari kwenye simu yako. Halafu lirudishe gari kwenye hali ile ile iliyoandikwa daftarini: kama ilikuwa mlima wa Mazeras na mzigo, panda Mazeras na mzigo, kama ilikuwa foleni na AC, kaa kwenye foleni na AC. Kuzunguka gereji hakuthibitishi kitu.

Ikirudi, soma tena kabla ya kufuta na ulinganishe na ile picha ya kwanza. Namba ile ile kwenye hali ile ile, chanzo hakijaguswa. Namba ile ile lakini sasa inatokea kwa mwendo au joto tofauti, kuna viwili, na kimoja kimeondoka. Mpe fundi kurasa zote mbili na msianze upya.